Kicheko cha Bunju

Harufu ya karafuu ndiyo iliyoniponza. Wiki iliyopita nilimpeleka mama yangu kwa daktari wa meno, kliniki ndogo ya Kacyiru, hapa Kigali, kung'olewa magego yake ya mwisho. Tulikuwa tumeketi kwenye benchi tunangoja zamu, mlango ukafunguliwa, harufu ikatutokea puani: karafuu, kali, yenye utamu wa mbali, na dawa ya kusafishia sakafu kwa chini yake. Mama akanibana mkono. Nesi akadhani bibi wa watu anaogopa koleo, akamwambia kwa upole, "Mama, usiogope, haiumi sana." Mama alinigeukia, nami nikamtazama, na wote wawili tukajua tunamkumbuka nani. Tulikuwa tunamkumbuka samaki.

Haya, chekeni mmalize. Nyie wenzangu wa rika langu mlikua na paka, mbwa, sungura wa kukimbizana nao uani. Mimi nilikua na kaka, na kaka yangu alikuwa bunju.

Kwa asiyemjua, bunju ni yule samaki mnene wa baharini, macho makubwa ya kuzubaa, akiudhiwa anavimba kama mpira, na nyama yake ni sumu. Kwao mama, Tanga, bunju akinaswa anatupwa huku anatukanwa. Sasa mnyama huyo aliyetukanwa Tanga nzima akaja kukaa sebuleni kwetu Ndera, Kigali, mahali ambapo bahari iko safari ya basi ya kukutoa roho, ndani ya tangi la kioo lenye taa, pampu na mchanga mweupe.

Hakuletwa kwa mapenzi. Kabla sijazaliwa, baba alikuwa mhasibu katika ofisi moja, na mkubwa wake, mgeni aliyekuwa akiishi Nyarutarama kwenye jumba la bustani, alipomaliza mkataba alitafuta wa kumwachia samaki wake. Akamwona baba. "Wewe mtu wa pwani, utajua kumtunza." Baba yangu alizaliwa Tanga, ndiyo, lakini kuogelea hajui, na samaki aliowajua ni wa kwenye sahani. Ungefanyaje na wewe? Mkubwa wa kazi amesema. Baba akaitikia, akaja na tangi kwenye pikapu ya kukodi.

Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mimi naomba mtoto, wewe unaniletea bunju? Hata kitoweo hafai!"

Maana walikuwa wameoana miaka mingi, na mtoto hakuna. Mashemeji wa Tanga walishaanza kumsema kwenye simu. Nyumba ilikuwa na watu wawili na viti vingi. Na huyo samaki, mwenzangu, alikuwa na adabu zake. Mama akipita anamfuata kutoka pembe hii ya kioo mpaka ile. Mama akiweka kidole, anakuja kukaa nyuma ya kidole. Akichelewa kulishwa anapanda juu na kumtemea maji ya chumvi kwenye kanga. Mama akalaani wiki ya kwanza, ya pili akaanza kumsalimia, na kabla mwezi haujaisha akampa jina: Mkubwa. Mimi nilipozaliwa baadaye sana, wakati watu walishakata tamaa, mama aliniinua mbele ya kioo kabla ya kunionyesha kwa jirani yeyote. "Mkubwa, mdogo wako huyu."

Basi nikakua najua nina kaka. Kila Jumamosi baba alikuwa akichanganya bahari. Ndivyo nilivyoelewa mimi. Alikuwa na gunia la chumvi maalumu iliyotoka Nairobi, anamimina kwenye ndoo ya maji, anakoroga kwa mwiko uliopigwa marufuku kwa ugali, anachovya kipimo, anakunja uso, anaongeza kidogo. Halafu anatoa maji machafu ya tangi na kutia mapya. Sebule yote ikanukia chumvi, na mama alikuwa akifumba macho na kuvuta pumzi ndefu, anakaa hivyo kidogo, kisha anaendelea na kazi. Mwalimu alipotufundisha kuwa kuna Bahari ya Hindi, niliinua mkono nikauliza nani anaikoroga. Darasa zima likanicheka, nami nikawaona wajinga.

Mkubwa akazeeka. Samaki anazeekaje? Polepole, na bila kusema. Madoa yake ya kahawia yalififia yakawa rangi ya chai iliyozidi maziwa. Jicho moja likaanza kuwa na ukungu. Zamani alikuwa akizunguka tangi akikagua kila jiwe kama askari wa zamu, sasa akawa analala mchangani mchana, anapumua haraka haraka, anainuka tu akimwona mama.

Mama yangu naye ana jambo lake moja, na nadhani mama zenu wengi wanalo: kuchambua miiba. Samaki akiiva hafiki kwenye sahani ya mtoto wala ya mzee bila kupita vidoleni mwake. Anaubonyeza mnofu, anausikiliza kwa ncha za vidole, anatoa mwiba mmoja mmoja, ndipo anakusogezea. Babu yangu alipokuja kututembelea alikula tilapia wa Ziwa Muhazi wiki nzima bila kukutana na mwiba hata mmoja. Huo ndio upendo nilioujua. Wengine walibusiwa, mimi nilichambuliwa.

Kwa hiyo Mkubwa alipoanza kuzeeka, mama alifanya kile ambacho mtu wa kwao angefanya. Miaka yote Mkubwa alikuwa akila kaa wadogo na kamba wa baharini waliogandishwa, na magamba yao, na ulikuwa ukimsikia akitafuna ukiwa jikoni: kra, kra, kra. Mama akasema, "Mzee halishwi magamba." Akawa anakaa na bakuli lake kila jioni, anamenya kamba mmoja mmoja, anamtoa kichwa, miguu, gamba lote, anabakisha mnofu mtupu, kisha anaukatakata vipande vidogo. Mkubwa alimeza bila kutafuna. Ile kra kra ikaisha sebuleni, na hakuna aliyeikumbuka.

Baada ya muda Mkubwa akaanza kucheka.

Nawaambieni nilivyoona kwa macho yangu ya mtoto. Meno yake, ambayo zamani yalikuwa yamejificha, yalitokeza nje ya midomo, meupe, mapana, juu na chini, kama mtu aliyesikia habari njema asiweze kujizuia. Nilimwita mama, "Njoo uone, Mkubwa anacheka!" Mama akaja akainama, na yeye akacheka. Jirani yetu, mama mmoja wa Kinyarwanda aliyekuwa hakosi kupita kwetu jioni kuomba moto wa umbea, aliingia akapiga makofi. "Yoo! Mana we! Iyi samaki iko nacheka kama mutu! Iko na meno kunishinda mimi!" Alikuwa na pengo, maskini, akaanza kumtania Mkubwa wabadilishane. Tulifurahi siku ile. Nikienda shule nilikuwa nikimwambia kila mtu kuwa kaka yangu amekuwa mzee mwenye furaha.

Kumbe mwenzetu yuko hoi.

Alianza kuacha chakula. Mama anadondosha kipande, Mkubwa anakifuata, anakigusa kwa meno yake yanayocheka, kinaanguka mchangani. Anakigusa tena. Kinaanguka. Tumbo lake lililokuwa la mviringo likabonyea. Mama akakata vipande vidogo zaidi, akavisaga, akavifanya uji kabisa na kumpulizia kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Uji ulitawanyika majini. "Uzee," mama akasema. "Wazee hawana hamu ya kula." Baba akapima maji asubuhi na jioni, maji hayana kosa. Akabadilisha bahari nzima, akapunguza taa. Mimi kila nikimtazama naona anacheka, nawaambia, "Lakini hajachukia."

Baba akamwita daktari wa mifugo wa pale Ndera, kijana mwenye mabuti yenye tope la mazizi ya watu. Alichuchumaa mbele ya tangi muda mrefu. Alitaka kusaidia, nilimwona alivyotaka. Alisogeza uso mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi yake.

"Mama," akasema mwishowe, "mimi najua ng'ombe, mbuzi, mbwa. Ng'ombe ikiuma inalia. Mbuzi inalia. Iyi hailii. Nitajua je iko nauma wapi?"

"Huna hata dawa ya kujaribu?" mama akauliza.

"Nikijaribu nitamuua. Ihangane, mama." Ndilo neno la hapa la kumwambia mtu avumilie, na ukiambiwa ujue mwenzako ameishiwa. Alikataa hata soda, akaondoka.

Ndipo baba akapata wazo la kumpigia muuza chumvi wa Nairobi. Alimpiga Mkubwa picha, akaituma, na simu ikarudi kabla hatujamaliza chai. Baba akaiweka sauti ya juu. Jamaa alikuwa na sauti ya haraka ya mtu mwenye wateja dukani.

"Mzee, hiyo si uzee pekee. Umeona hizo meno? Bunju meno yake huota kila siku kama kucha. Asipotafuna kitu ngumu hazisagiki. Zimeota zikamfunga mdomo. Huyo samaki ana njaa, bwana. Mnampea nini?"

"Kamba," baba akasema. "Wa kumenywa."

"Mnawamenya kwa nini?"

Mama alikuwa amesimama na birika mkononi. Nakumbuka mvuke wa chai ukipanda mbele ya uso wake, naye hasogei. Kisha akasema, si kwa simu wala kwa baba, "Kwa sababu ni mzee."

Yule wa Nairobi hakusikia, akaendelea. Meno yanaweza kukatwa. Unatia matone ya mafuta ya karafuu kwenye maji yake ya chumvi, samaki analala, unayakata kwa kikata kucha kikubwa, unamrudisha kwenye maji safi mpaka aamke. "Lakini ana miaka mingapi?"

"Ni mkubwa kwa binti yangu."

"Eeh. Mzee hivyo, na amekonda. Wengine hawaamki, sikudanganyi. Usipokata atakufa njaa. Ni hivyo tu."

Baba akashukuru, akakata simu. Mama akaweka birika chini. "Mimi ndiye niliyemfunga mdomo," akasema. "Kwa mikono yangu hii. Kila jioni." Baba akamwambia asiseme hivyo, hakujua, nani angejua? Mama akamwambia, "Hata kutojua hakumshibishi." Akaenda chumbani. Nilimfuata nikamkuta ameketi kitandani anatazama viganja vyake, na hilo lilinitisha kuliko kilio.

Mimi kwa upande wangu nilifurahi, na wala sikuelewa huzuni yao inatoka wapi. Karafuu! Mafuta ya karafuu yalikuwa kabatini kwetu, chupa ndogo ya kahawia kutoka kwa bibi. Meno yangu ya utoto yalipouma mama alikuwa akichovya pamba na kunibandika, najisikia ganzi, nalala, asubuhi mzima. Karafuu haijawahi kunidanganya. Nilikwenda kwenye kioo nikamwambia Mkubwa kesho atatiwa karafuu, atapona. Akanichekea.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi ya umuganda, ile ya mwisho wa mwezi ambayo mtaa mzima unatoka kufagia na kuzibua mitaro. Baba alirudi na jembe, akanawa mikono mara nyingi kuliko kawaida, akafunga mlango wa mbele. Mezani kulikuwa na beseni la maji ya chumvi. Mama alidondosha mafuta, akakoroga, na harufu ikajaa nyumba. Kisha akaingiza mikono kwenye tangi, na Mkubwa, kama ilivyokuwa desturi yake, akaja mwenyewe kwenye vidole. Hakulazimika kumfukuza. Ungemwona alivyokuja.

Katika beseni alizunguka kidogo, akayumba, akalala ubavu. Mama akamfunika kwa kipande cha kanga iliyolowa, akamshika kichwa juu kidogo ya maji. Baba akashika kikata kucha, kikagonga ukingo wa beseni. "Bismillahi," akasema. Tak. Kipande cheupe kikaruka, kikazama. Akafuta jasho kwa bega. Tak. Tak tena. Mdomo ukafunguka, mdomo mdogo wa duara ambao sikuwa nimeuona kwa muda mrefu.

"Mdomo huo!" mama akasema. "Umefunguka, huo!" Na alicheka, jamani, alicheka kwa sauti.

Wakamrudisha tangini upesi. Muuza chumvi alikuwa amewaelekeza: umshike, umsogeze mbele na nyuma taratibu, maji yaingie mdomoni yapite kwenye mashavu. Mama akaingiza mikono mpaka viwiko. Mbele, nyuma. Mbele, nyuma. Shavu likapanda na kushuka mara moja. Likapanda tena. Jicho zima, lile lisilo na ukungu, likageuka.

"Amenitazama," mama akasema. "Mmeona? Amenitazama mimi."

Tuliona. Baada ya hapo shavu halikupanda tena, mama akaendelea. Mbele, nyuma. Alimsemesha wakati wote, mambo ya kawaida tu, kwamba amemwekea kaa mzima na magamba yake, wote wake, hatamenya tena. Jua lilikuwa juu ya paa la jirani, likahamia ukutani, likatoka. Jirani aligonga, baba akamfungulia, akaona, akabaki amesimama na mkono mdomoni. Siku hiyo hakuwa na utani. "Ihangane," akasema, chini chini.

"Zuhura," baba akamwita mama kwa jina lake.

"Bado."

"Zuhura, la kuvunda halina ubani. Mwache apumzike."

"Nimesema bado!"

Mimi nilikuwa nimepanda kigoda ili nimwone Mkubwa usoni. Nilimtazama sana. Kuna kitu kilikuwa kimepungua na sikujua ni nini, kisha nikajua. "Mama," nikasema, "mbona hacheki tena? Mmemkata kicheko."

Mama akasimamisha mikono. Akaniangalia, akamwangalia Mkubwa, akamwachia. Mkubwa akashuka polepole mpaka mchangani, akakaa pale pale alipozoea kulala.

Baba alimzika nyuma ya nyumba karibu na migomba, ndani ya kile kipande cha kanga. Jumamosi iliyofuata alichanganya bahari kwa mazoea, akaibeba ndoo mpaka sebuleni, akasimama nayo mbele ya tangi tupu. Akairudisha uani akaimwaga.

Lakini kilichonikaa mimi rohoni si hicho. Ni chakula cha jioni cha siku chache baadaye. Mama alipika tilapia, akanipakulia kipande kinene cha mgongo, miiba imesimama yote. Nikausogeza mkono wangu pembeni nikangoja. Mama akaendelea kula.

"Mama, nichambulie."

"Una meno," akasema. "Tafuna."

Nililia, nikakataa kula, na hakunibembeleza. Kesho yake hivyo hivyo. Siku moja mwiba ulinikwama kooni, akanipa tonge kubwa la ugali nimeze bila kutafuna, akanipigapiga mgongo, macho yamemtoka kwa hofu. Jioni ile ile akanipakulia samaki na miiba yake. Nikajua basi: mama hanipendi tena. Alikuwa na watoto wawili, aliyempenda amekufa, nimebaki mimi. Niliamini hivyo miaka mingi, nyie. Nilisoma nalo, nikaolewa nalo. Sikumwuliza, kwani ningemwuliza nini?

Daktari wa Kacyiru alimaliza kazi yake vizuri. Akanipa maelekezo kama vile mama hayupo: chakula laini, asitafune kigumu, nimtunze kama mtoto. Mama alikuwa na pamba mdomoni, hawezi kusema, akatikisa kichwa tu. Nikadhani anakubali.

Jana kidonda kilikuwa kimekauka, nikampikia tilapia wa nazi, kwa kuwa ndiye anayempenda. Nilinawa, nikaivuta sahani yake kwangu, nikaanza kuchambua. Mikono ilijua yenyewe, sijui ilijifunza lini. Mama alikuwa ananitazama, mashavu yameingia ndani, amekuwa mdogo kwenye kiti. Nilipofika kwenye mwiba wa tatu akaweka kiganja chake juu ya vidole vyangu.

"Acha."

"Mama, huna magego. Utajichoma."

"Acha, mwanangu." Akaivuta sahani ikarudi kwake, na mchuzi ukamwagika kidogo kwenye kitambaa. "Nilimchambulia Mkubwa mpaka nikamwua. Wewe nikaapa utatafuna mwenyewe, hata ukinichukia. Na ulinichukia, nilikuona. Sasa na mimi niachie miiba yangu."

Nilitaka kumwambia sikumchukia. Yeye alikuwa ameshaanza kula. Alikata mnofu kwa meno ya mbele yaliyobaki, akauzungusha mdomoni taratibu sana, ulimi ukitafuta, kisha akatoa mwiba na kuuweka ukingoni mwa sahani. Akamega tena. Nilibaki nimeketi mbele yake, mikono imejaa mchuzi wa nazi, sina la kumsaidia, nasikiliza kama bado anatafuna.